Nyumba Tupu Zenye Joto

1

Tarehe 23 Desemba, saa tisa alasiri, Kokushubila, ambaye wote tulimwita Koku, aliniletea orodha ya nyumba na kuniomba nimwonyeshe alipokosea.

Alikuwa mkuu wangu wa kazi kwa miezi saba. Kabla yake kiti kile nilikikalia mimi kwa miaka kumi na moja, kwa barua iliyosema "kaimu", neno ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta. Yeye ana miaka thelathini na minne, amezaliwa Bukoba, na amesomea mitambo ya joto katika nchi ambako theluji si habari. Mimi nina hamsini na miwili na nimezaliwa kilomita nne kutoka chumba hiki cha mitambo, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Nayataja haya kwa sababu ni sehemu ya maelezo ya ajali. Hayanipunguzii lawama.

Huo ulikuwa mwaka wa tisa wa Pazia. Mataifa yalikubaliana kumwaga unga wa chokaa angani, kilomita ishirini juu, ili jua lisiichome dunia kama lilivyokuwa likifanya. Hesabu zilikuwa sahihi hadi Julai, ambapo volkano moja katika bahari ya kusini ililipuka na kuongeza vumbi lake juu ya letu. Nchi za tambarare zilipata ahueni kuliko zilivyoomba. Sisi wa milimani tulipata baridi. Bahati yetu ilikuwa mabomba. Visima vitatu vilishachimbwa kabla ya Pazia, kwa ajili ya baridi yetu ya kila Julai, hadi kwenye miamba ya moto chini ya mlima, na maji yake ya nyuzi themanini na nane yalizungushwa katika nyumba elfu nne mia moja na kumi na mbili.

Visima vikiwa vizima, joto linatosha kila nyumba. Visipokuwa vizima, kunakuwa na mgao, na mgao huo unaamuliwa na mtambo wa hesabu uitwao Msawazo. Koku aliutunga mwenyewe. Mtambo wangu wa zamani uligawa joto kwa ukubwa wa nyumba, na matajiri walikuwa wakiota jua ndani huku wajane wakivaa makoti. Wake uligawa kwa idadi ya watu. Ulikuwa bora kuliko wangu, na nililijua hilo siku ya kwanza nilipousoma, nikiwa nimeufungua ili nitafute kasoro.

"Dada Haika," aliniambia, akivuta kiti karibu na changu, "wewe ni mtu wa hapa. Angalia hii orodha ya wanaorudi sikukuu. Kama kuna jambo nimelipuuza, niambie kabla dhoruba haijafika."

Alikuwa amefanya kazi nzuri. Wachaga hurudi nyumbani Krismasi, kila mtu nchini anajua, na watani wetu wanasema ndiyo wiki pekee unayoweza kupata nafasi ya kuegesha gari mjini. Koku aliweka watu kwenye vizuizi vya barabara waulize kila anayepanda mlimani: unakwenda nyumba namba ngapi, na mko wangapi? Majibu elfu kumi na tisa yalikuwa yameingizwa, kila mtu kwenye nyumba yake.

Nilihitaji kama dakika mbili kuliona kosa. Nyumba ya mama yangu, namba 2206: mtu mmoja. Nyumba ya Bibi Ndeasia, jirani yake, namba 2207: mtu mmoja. Nyumba zote za zamani za tawi la saba la mabomba, tawi la kwetu, zile za bati na mbao ambazo wazee wamekataa kuzibomoa, zilikuwa na mtu mmoja au hakuna. Nyumba kubwa za watoto wao, zile za ghorofa ambazo hukaa na mlinzi miezi kumi na moja, zilikuwa na watu sita, wanane, kumi.

Wala hakuna aliyedanganya. Ila hakuna Mchaga aliyejenga atakayesimama kwenye foleni mbele ya Wachaga wengine na kusema kwamba anakwenda kukaa kwa mama yake. Atataja namba ya nyumba yake. Ataifungua, ataweka masanduku, atawasha taa zote ili wapita njia waone, kisha atawachukua mke na watoto waende kwenye nyumba ya zamani. Mbuzi atachinjwa huko, na hakuna atakayetoka huko hadi nyama iishe tarehe 26. Kwa siku mbili za mwaka, nyumba kubwa za tawi la saba huwa tupu na ndogo huwa na watu thelathini thelathini. Haijaandikwa popote. Mtu wa Bukoba angelijuaje?

Nilimrudishia orodha.

"Iko sawa," nilisema.

Alinishika bega akashukuru. Alisema angejua kwamba mimi nipo, asingekesha siku mbili akihangaika na ile orodha.

2

Nieleze nilichokadiria, kwa kuwa nilikadiria. Utabiri ulionyesha nyuzi mbili chini ya sifuri na visima vitatu vikifanya kazi. Kwa hali hiyo mgao ungefika ngazi ya pili tu, na nyumba ya mtu mmoja ingepata nyuzi kumi na nne. Ni baridi ya kulalamikia, haiui. Wazee wangepiga simu wilayani, wilaya ingepiga simu mkoani, na mtu fulani angeuliza kwa nini mkuu wa mitambo hajui watu wanaishi wapi. Hilo tu ndilo nililolitaka, na nililitaka sana.

Theluji ilianza tarehe 24 saa tano asubuhi. Kwanza ilikuwa mvua iliyoganda kwenye nyaya, kisha ikawa mabonge meupe makubwa yaliyoshuka bila sauti. Migomba ilikufa kabla ya saa nane. Shina la mgomba ni maji matupu, na maji yakiganda hupasua chombo chake. Kutoka dirishani nilisikia mashamba yakipasuka, mgomba mmoja mmoja, kama watu wanaovunja miwa magotini. Uwanja wa ndege ulifungwa. Mabasi ishirini na sita yalikwama chini ya milima ya Pare, na abiria walilala kwenye shule. Nguzo za umeme zilianguka kuanzia Lushoto hadi viunga vya Nairobi, na usharika wetu ulitangaza, kwa mara ya kwanza tangu ujengwe, kwamba hakutakuwa na ibada ya Krismasi. Theluji haikuwa imewahi kushuka kwenye kahawa katika maisha ya mtu yeyote aliye hai.

Koku alikuwa amekaa zamu ya saa thelathini. Kanuni inamtaka mtu apumzike baada ya hapo, na mimi ndiye niliyemkumbusha. Zamu ya Krismasi imekuwa yangu kila mwaka. Mtu asiye na mume wala mtoto hupewa zamu hiyo, kisha watu husahau kwamba alipewa, wakadhani anaipenda.

Mama yangu akapiga simu. Si simu ya mkononi, mitandao ilishakatika, bali simu ya bomba, waya unaolazwa pamoja na mabomba na kufika kila nyumba. Hakutaka kuzungumza na mimi. Alikuwa amesikia kwamba yule msichana wa Bukoba angekula sikukuu peke yake kwenye nyumba za watumishi, na akasema hilo halitatokea yeye akiwa hai. Ndugu yangu Elirehema, kitindamimba wetu, angemfuata na gari lenye minyororo.

Koku aliniangalia kabla ya kukubali, kana kwamba idhini ilikuwa yangu. Nikamwambia aende.

Jioni, kabla giza halijaingia, Elirehema alipiga simu kunitania. Alisema Mama amemkalisha mgeni kwenye kigoda, amempa koti la marehemu Baba, na amempa kidari. Nyumbani kwetu kidari cha mbuzi wa Krismasi ni cha binti mkubwa. Mwaka ambao binti mkubwa hayupo, kinawekwa. Kimewekwa mara kumi na moja, na mara kumi na moja nimekila tarehe 27, kikiwa kimepashwa moto.

"Mwaka huu utakula utumbo, dada mkubwa," alisema huku akicheka. "Na anakipiga kweli hicho kidari, huyu. Mama amemwambia aolewe hapa hapa."

Nilicheka naye, nikakata simu. Kisha nilifungua Msawazo na kusoma mistari ya Koku upya, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta sehemu moja tu iliyoandikwa vibaya. Sikuipata.

3

Tarehe 25, saa tatu na robo asubuhi, nyaya za kisima cha pili zilikatika kwa uzito wa barafu. Joto lilishuka kutoka megawati sitini na moja hadi arobaini. Nje kulikuwa na nyuzi sita chini ya sifuri. Msawazo ulihamia ngazi ya tatu bila kumuuliza mtu.

Katika ngazi ya tatu nyumba ya watu wawili au zaidi hupata nyuzi kumi na nane. Nyumba ya mtu mmoja au isiyo na mtu hupata maji ya kuzuia bomba lisigande tu, na mwenyewe hutakiwa kuhamia kwa jirani. Ni kanuni ya busara. Nilimsaidia kuiandika.

Nyumba mia nne na kumi na nane za zamani zilifungwa kwa sekunde moja. Kwenye ukuta, ramani ya tawi la saba ilijaa alama nyekundu za ghorofa zinazopokea joto, na katikati yake vitone vya buluu.

Nilipiga hesabu. Mwili wa mtu aliyekaa hutoa joto la wati mia. Watu thelathini ni sawa na pasi tatu za umeme. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza mara tatu ya hiyo, kwa hiyo ndani kungefika nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri. Watu wangejikunyata, wazee wangeteseka, lakini saa nne au tano zingepita kabla ya hatari yenyewe, na kabla ya hapo malalamiko yangekuwa yamefika mahali nilipotaka yafike.

Kubadilisha mgao kwa mkono kulihitaji mambo mawili: dakika sita, na sababu iliyoandikwa. Sababu nilikuwa nayo. Shida ni kwamba mtu yeyote ambaye angeisoma angeuliza niliijua tangu lini. Na kama nisingeandika ukweli, kama ningesema tu nimegundua asubuhi hii, basi Msawazo ungekuwa mtambo mzuri uliorekebishwa kidogo siku ya dhoruba, na mtungaji wake angepongezwa kwa kuwa na msaidizi makini. Nilikaa nikiyapima hayo mawili kwa saa moja na dakika ishirini. Kisha nikapiga simu nyumbani, nikijiambia kwamba nataka takwimu.

Mama alipokea.

"Haika, umekula?"

Nilimwambia nitakula, nikamuuliza hali ikoje.

"Ilikuwa baridi ya kuuma meno. Sasa afadhali. Elirehema ameingiza majiko ya mkaa, yale mawili makubwa ya nyama, tukaziba mlango kwa magodoro." Alikuwa akizungumza polepole, kwa raha. "Huyu Mhaya wenu hana nguvu kabisa, usingizi wa jana haujamtoka. Kichwa kinamuuma, nimemlaza kitandani kwangu."

"Na watoto?"

"Wamelala. Hata Elirehema anasinzia. Nyumba nzima imetulia, mwanangu. Krismasi gani hii haina kelele."

Nilinyamaza kwa muda ambao baadaye niliusikia kwenye kinasa sauti, sekunde nne. Katika sekunde ya kwanza niliwaza kitanda cha Mama, ambacho sijalazwa juu yake tangu nilipougua surua nikiwa na miaka sita. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijua mkaa hufanya nini ndani ya chumba kilichozibwa, nilijua dalili zake kwa mpangilio, kichwa, usingizi, ukimya, na bado wazo la kwanza lililonijia lilikuwa ni nani amelazwa wapi.

"Mama, fungua mlango. Toa majiko nje."

"Watoto watapoa."

"Waache wapoe. Amsha watu wote, wapeleke nyumbani kwa Elirehema, kuna joto huko. Anza na Koku."

"Unanifokea siku ya Krismasi?"

"Ndiyo, Mama. Nakufokea."

Nilisikia magodoro yakivutwa, kisha sauti ya Elirehema akitukana, kisha kilio cha mtoto. Kilio kile kilikuwa takwimu niliyoihitaji. Koku hakuamka alipotikiswa. Walimburuta hadi barazani, na huko, kwenye theluji, akatapika na kuanza kupumua kama mtu aliyepanda ngazi.

Niliufunga Msawazo. Nilifungua vali za nyumba mia nne na kumi na nane na kufunga za nyumba mia sita na arobaini, na kwenye nafasi ya sababu niliandika: "Watu hawako kwenye nyumba walizotaja." Zilikuwa dakika sita kasoro. Nilikuwa nazo tangu juzi yake. Kisha nilifungua simu ya bomba kwa nyumba zote za tawi la saba kwa pamoja, nikasema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kichaga: majiko nje, milango wazi, kila mtu asimame, anayesikia aitikie kwa namba ya nyumba.

Zilijibu nyumba mia nne na kumi na moja. Nne zilijibu baada ya kuitwa tena. Mbili zilikuwa tupu kweli. Namba 2207 haikujibu.

4

Bibi Ndeasia alikuwa na miaka sabini na tisa. Mwanawe Anaeli, mwenye hamsini na mmoja, alikuwa amewasili kutoka Mwanza tarehe 23. Wengine kumi na wanane waliokuwamo walitolewa na vijana wa kwetu wakiwa hai. Hao wawili walikuwa wamekaa karibu zaidi na jiko, mama kwa sababu ya uzee na mwana kwa sababu alikuwa akimshika mkono. Nyumba ya Anaeli iko hatua mia tatu kutoka pale. Wakati wanamtoa, vyumba vyake saba vilikuwa na nyuzi kumi na nane na hapakuwa na mtu ndani.

Barabara ilifunguliwa tarehe 27. Nilifika nyumbani saa sita mchana, nikitembea kwenye tope lililokuwa theluji. Migomba yote ilikuwa imelala, myeusi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliweza kuona nyumba ya jirani kutoka kwenye baraza letu. Mama alikuwa ameketi akimenya viazi. Hakunikaribisha ndani. Aliniuliza kama ni kweli kwamba karatasi ya yule msichana ilipita mikononi mwangu kabla ya sikukuu. Elirehema alikuwa amelisikia kutoka kwa Koku mwenyewe, ambaye alilitaja ili kunisifu, kwamba hata dada Haika mwenye uzoefu wote huo hakuliona kosa.

"Uliliona?" Mama aliuliza.

"Nililiona."

Kisu chake kiliendelea na kiazi hadi ganda likakatika. Alisema Ndeasia ndiye aliyemshika mkono siku aliponizaa. Alilisema kama mtu anayetaja tarehe. Kisha akasema msiba uko pale, watu wote wapo, na sasa ni mchana, kila mtu ataniona.

Nilikwenda. Uani kulikuwa na turubai na viti vya kanisani, na watu kama sitini wamejifunga mablanketi. Koku alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wafiwa, katikati ya dada wawili wa marehemu Anaeli, koti la baba yangu likiwa bado mabegani. Uso wake ulikuwa umevimba. Nilielewa kutokana na maneno niliyoyakuta hewani kwamba alikuwa ameshasema alichokuja kusema: mtambo ni wake, hesabu ni yake, watu wamekufa kwa kosa lake, naye yuko tayari kwa lolote watakaloamua.

Walikuwa wameamua. Dada mkubwa wa Anaeli, mwanamke ninayemfahamu tangu utotoni, ambaye hajawahi kunikumbatia, alikuwa akimpangusa machozi kwa ncha ya kitenge chake. Alikuwa akimwambia, wewe ni mtoto wa watu, hukujua, hakuna aliyekuambia. Mzee mmoja nyuma yao aliitikia kwamba ndivyo hivyo, mgeni hawezi kujua. Wakamsogezea uji.

Nilisimama pembezoni mwa turubai. Hakuna aliyenitazama. Kama ningenyamaza, yote yangeishia pale. Koku angebeba kosa, tume ingekuja na kuliandika jina lake, na kiti kingebaki wazi. Kila nilichokitaka tarehe 23 kilikuwa mbele yangu. Na nilipomtazama akipokea bakuli kwa mikono miwili, nililiona jambo ambalo sikuwa nimelikadiria. Hata kosa lilimpendeza. Walikuwa wanampenda kwa ajili yake.

Nimejaribu tangu siku ile kutenganisha sababu zangu, kama mtu anavyotenganisha vipimo viwili vilivyoingiliana, na sijaweza. Huenda nilisema kwa sababu ulikuwa ukweli. Huenda nilisema kwa sababu sikuweza kumvumilia asamehewe kwa kitu nilichokifanya mimi.

Nilivua kofia, nikaingia katikati ya viti.

"Poleni na msiba," nilisema. "Aliuliza. Aliniletea orodha tarehe 23, saa tisa alasiri, akaniuliza amekosea wapi, na mimi nikaona. Niliiona namba ya nyumba hii. Nikamwambia iko sawa."

Dada wa Anaeli alikiachia kitenge. Koku aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu aje mlimani alinitazama bila heshima yoyote. Mtu mmoja alisogeza kiti, nikadhani ni cha kunikalisha, lakini alikuwa anaifunga njia aliyokuwa ameacha kati yake na mimi.

Nilibaki nimesimama hapo hadi mchungaji alipofika.